Jina la Mama Mkwe Lililofurika

Jumatatu, 9 Machi 1998
Nimeunguza mkate, nimetukana redio, nimemwandikia mhariri barua nyingine. Kisha simu kutoka kwa wakwe zangu, Mukurweini. Mashine ya ushirika inasema mama mkwe anatia maji kwenye maziwa. Kamati inakaa Ijumaa kumfukuza. Mama huyu, anayesugua mtungi kama anauandaa kwa ubatizo! Nina hasira.

Jumanne, 10 Machi
Nimeenda mwenyewe. Kioo cha mashine kinasema maziwa safi. Kompyuta inasema maji. Basi kosa liko kati yao, kwenye draiva, ile programu inayopokea kipimo. Karani amenipa disketi yenye draiva hiyo. Kazi yangu ni kuandika programu kama hizi. Nimemweleza mama mkwe.
“Ati dereva? Kama amelewa, si mfute yeye kazi!”
Nampenda huyu mama.

Jumatano, 11 Machi
Nimelipata. Kwa desturi yetu, wanawe wote wa kiume wamempa binti wa kwanza jina lake, mimi na mume wangu pia. Wajukuu wakubwa nao huleta maziwa. Ili asiwachanganye, karani amemwandika “Nyaguthii wa Gathogo Mkubwa wa Juu ya Barabara”. Draiva imetenga nafasi ya herufi ishirini na haihesabu. Zinazozidi zinamwagikia mahali pa kipimo na kukifuta, ndipo kompyuta inasoma maji. Mbaya zaidi, mjanja anaweza kuandika jina refu makusudi na kujipa kipimo anachotaka.
Kampuni ya Nairobi inasema tufupishe majina. Nimewajibu vibaya. Ati watu wapunguzwe watoshe kwenye programu! Mama mkwe naye hataki kukatwa hata herufi. Huniita mama, kwa kuwa binti yangu ni wajina wake.
“Wewe ndiye uliyenizaa mara ya pili, mama yangu. Nitetee.”

Alhamisi, 12 Machi
Nimepanua nafasi. Sasa draiva inahesabu herufi kabla ya kunakili, na jina likizidi inalikataa. Nimejaribu jina fupi, jina lake, na jina refu kama mahubiri. Kipimo hakikuguswa. Nina hofu ya kesho hata hivyo.

Ijumaa, 13 Machi
Maziwa yake yalipimwa kwa draiva mpya mbele ya kamati. Safi. Mwenyekiti aliomba radhi. Mama mkwe akauliza tu kama wamemaliza, ng’ombe wanangoja.
Lakini hakwenda kwa ng’ombe. Alikuja nami nyumbani kwangu, Skuta. Amelala kwenye kochi, viatu miguuni, kitambaa cha kichwa kimeteleza. Siku zote hizi hakusema kwamba hapati usingizi.
Nimezima redio.