Zimwi Lililoleta Isale

Jumapili jioni

Wewe Neema, tangu Krismasi hujakanyaga Kirua, kwani bibi yako amekufa? Nafoka hapa daftarini tu, maana kosa ni langu.

Ule mchezo wako wa dadu wa kuigiza hadithi, ulioununua mitumbani. Mimi nilikuwa mangi, mtawala wetu wa Kichaga, wewe zimwi. Zimwi lako likaja langoni na jani la isale kuomba msamaha.

Nikasema, "Zimwi ni zimwi tu. Liuawe!"

"Lakini bibi, si ulitufundisha mwenye isale hakataliwi?"

Nikakuita mtoto wa shetani mbele ya binamu zako. Ukashuka Moshi unalia.

Nami mama mkwe alinisamehe matusi mazito kwa jani hilohilo. Roho yangu ngumu hii...

Ukija, usiniamkie kwanza. Kaa, nikuombe radhi.