Mche Usio na Fungu la Majani

Kerege, Bagamoyo

Baba, shikamoo.

Huku unyevu ni mwingi, nguo nilizofua juzi bado mbichi. Ndiyo maana watafiti ninaowafanyia kazi wameiotesha miche ya mizabibu hapa: ubwiri, ukungu ule ule uliotuharibia shamba, unakuja wenyewe, nao wanatafuta mche utakaoustahimili bila dawa.

Mimi sikulielewa hilo. Jana asubuhi nilichuma kila jani lenye vinyoya vyeupe upande wa chini, kama tunavyofanya kwetu Dodoma, nikayaacha kwa mafungu, kila fungu chini ya mche wake, ili nikayachome baadaye. Msimamizi wetu, Bi Zuhura, akaja akasimama. "Mwanangu, wagonjwa wangu umewapeleka wapi?"

Nilijua narudishwa nyumbani. Nikamwonyesha mafungu kwa kidole tu. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, Mgogo wewe, kaa chini tuyahesabu!"

Tukahesabu majani fungu kwa fungu, yeye akiandika. Mche mmoja haukuwa na fungu kabisa.

"Huu tumeuchanganya," akasema. "Una kinga ya mama na kinga ya baba. Ubwiri ukiizoea moja, nyingine inauzuia."

Hakunifukuza, Baba. Amenikabidhi safu nzima niiangalie hadi mwisho wa msimu. Nimeshukuru, na leo nimethubutu kumwambia asante kwa sauti.

Mungu ailinde mizabibu yako, akupe na subira ya kuungoja mche huu mdogo usiougua ukue. Mbusu Mama.

Binti yako,
Neema