Niliyomjibu Rubani

Nyamarambe,
9 Mei 1969

Kaka yangu Nehemiah,

Mama anakusalimu. Wimbi tumeshapalilia, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Bila shaka umesikia habari ya ndege ndogo iliyogonga kilima Jumanne ikileta dawa za zahanati yetu. Rubani alikufa palepale. Wengine wanasema injini ilizimika, wengine wanasema ni uchawi. Mimi nanyamaza, maana ndimi niliyekuwa kwenye redio ya zahanati nikiongea na rubani.

Aliniuliza, "Persis, kilima mnakiona?"

Nikamjibu, "Tunakiona vizuri."

Kaka, sikutoka nje kutazama. Nilikiona saa mbili asubuhi, naye aliuliza saa nne. Nilipofungua mlango, ukungu ulikuwa umefunika hata paa la kanisa. Nikarudi mbio nikamwita, nikamwita tena. Hakujibu.

Jana alikuja mkaguzi wa ajali za ndege kutoka Nairobi. Akauliza, "Nani alimpa habari za hali ya hewa?"

Daktari wetu akanitupia jicho, akasema, "Hakuna. Redio ilikuwa mbovu."

Mkaguzi akaandika kwamba huenda rubani alishuka ndani ya ukungu kwa uzembe wake mwenyewe. Ndivyo mjane wake atakavyoambiwa.

Leo nimemwandikia mkaguzi ukweli wote, na barua yake naiposta pamoja na hii. Naogopa sana. Wakija kunichukua, umwambie Mama wewe. Mimi nimeshindwa.

Ni mimi mdogo wako,
Persis