Mzazi wa Pili kwenye Folda

Jumatatu, 3 Machi

Kurasa 186. Nimezihesabu mwenyewe, mfumo mzima wa hospitali. Kila ukurasa umebeba kichwa chake, menyu yake, mkia wake – yaleyale, yamenakiliwa mara 186! Sasa hospitali wanataka utepe mwekundu juu ya kila ukurasa wa mgonjwa mwenye mzio: dawa fulani asipewe, itamdhuru. Rangi, mbunifu wetu wa kurasa, anasema ni kubandika tu, kaka, mmoja baada ya mwingine. Kubandika!

Mwaka jana nilisema tuwe na ukurasa mzazi mmoja. Kichwa, menyu na mkia vikae humo. Kurasa nyingine zirithi, zilete tumbo tu, yaani yaliyomo. Ukibadilisha mzazi, watoto wote wamebadilika. Bosi akajibu kwamba mteja halipii usafi wa ndani. Leo kanigeukia: "Ule mpango wetu umefikia wapi?"

Wetu!

Jumanne, 4 Machi

Mzazi nimeshamwandika, kurasa za kumrithi tumegawana. Mimi kurasa 150, Rangi 36, zikiwemo zote za dirisha la dawa. Ananicheka: "Mkuu, wewe ungezaliwa fundi seremala, ungepiga randa hadi chini ya meza." Sawa. Mimi Java, lugha ya kuandikia programu, nilijifunza kwenye kibanda cha intaneti, kwa dakika za kulipia. Mtu wa namna hiyo haandiki kitu kimoja mara mbili.

Mke wangu kaniona nimeishikilia kompyuta mezani wakati wa kula. Ati huyo mzazi wako ana watoto 186, hawa wawili wa hapa nani anawalea? Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Imeisha. Nimeandika kiprogramu kidogo kikaguzi, kipite kila faili na kuuliza: una mzazi? Jibu: 186 kwa 186. Hakuna hata mmoja unaotembea na kichwa chake. Utepe nimeuweka kwa mzazi, mistari kumi na moja tu. Nimejaribu kurasa tano bila mpangilio, zote nyekundu. Nimelala kama gogo.

Alhamisi, 6 Machi

Mfumo umewashwa. Hospitali nao wameacha ile alama ya kalamu nyekundu kwenye kadi za wagonjwa, maana kompyuta itaonya yenyewe. Bosi katika simu na mkurugenzi wao: "Vijana wangu niliwasukuma mwenyewe." Jina langu halikutajwa. La Rangi lilitajwa, kwa rangi ya utepe.

Jumatatu, 10 Machi

Mfamasia wa hospitali kapiga simu kabla sijavua koti. Sauti yake ya chini. Kaka, huo utepe wenu uko wapi? Kuna mama kaja dirishani, skrini nyeupe, safi kabisa, dawa imeshafungwa kwenye bahasha. Kilichomwokoa ni kwamba mfamasia anamjua – ni jirani yake. Akamnyang'anya bahasha mkononi.

Nimefungua ukurasa wa dirisha la dawa. Una mzazi, ndiyo. Ila si mzazi wangu! Kwenye folda wamekaa wawili, wamekaribiana majina. Rangi alimnakili mzazi. Tumefanya kazi yote ili watu waache kunakili, naye kanakili kitu chenyewe!

"Mkuu, dirisha la dawa walitaka ukurasa mpana, bila menyu ya pembeni. Niliogopa kumgusa wa kwako nikakuharibia. Nikatoa kopi Jumanne, basi."

Jumanne. Utepe niliuweka Jumatano.

Nilitaka kumtukana. Ila kikaguzi ni changu. Niliuliza kila ukurasa kama una mzazi. Sikuuliza ni nani. 186 kwa 186, nikaenda kulala.

Kurekebisha kumechukua dakika chache. Kurasa tisa za dawa, zote sasa zina utepe. Kisha nikaiuliza hifadhidata swali ambalo hakuna aliyeniomba niulize: tangu Alhamisi, wenye mzio waliopewa dawa dirishani ni wangapi?

61. Toa yule mama, 60. Nani kapewa nini, mfamasia ndiye atakayejua, akiyaona majina.

Bado Jumatatu

Bosi kaniita ofisini kwake. Nimwambie mfamasia kwamba mtandao ulikatika kidogo asubuhi, umerudi. Nikasema mzee, watu sitini wana dawa majumbani, wengine wanazimeza sasa hivi. Akasema, "Huna uhakika hata na mmoja." Kweli, sina. "Basi unataka kunivunjia mkataba kwa kitu usichokuwa na uhakika nacho? Na kosa litaandikwa la nani? Kikaguzi aliandika nani?"

Rangi alikuwa mlangoni. Akasema polepole, mzee, kopi niliitoa mimi. Bosi hata hakugeuka.

Nimerudi mezani kwangu. Nimechapisha majina yote sitini, na namba za simu zao. Nina watoto wawili na kodi ya nyumba, hesabu hiyo naijua vizuri kuliko zote.

Simu inaita. Mfamasia. Bosi ananitazama kupitia kioo, anatikisa kichwa. Imekatika. Inaita tena.

Nimeinuka na simu na orodha ya majina, kufunga mlango wa chumba chetu. Kwa ndani.