Siku Kwaya Mbili Zilipokutana Wodini

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya soko.
Jumatatu, 16 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Magoti yanakusumbuaje siku hizi, na ile baridi uliyosema inapenya mpaka kwenye mifupa imepungua? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, ila ulimi wake hauna homa. Bibi anakula vizuri na bado anatuamrisha sote bila kuinuka kitini.

Sasa kaa chini. Safari hii sikuandikii msiba wala ugonjwa. Kanisa letu limerudi kuwa moja, na kaka zako wawili wanaongea!

Kwenye simu tulikuficha mengi, hatukutaka kukuongezea mawazo ugenini. Ugomvi ulianza na magitaa. Baba, akiwa mwalimu wa kwaya, alitaka nyimbo ziimbwe kama mlivyozirithi. Baba Mdogo na vijana wakataka magitaa na ngoma. Lilikuwa jambo la kumalizwa kwa kikombe cha chai, lakini neno likazaa neno. Baba akasema mbele ya kikao kizima kwamba mdogo wake anageuza kanisa kuwa disko. Mchungaji naye, badala ya kuzima moto, akaupulizia: “Asiyeridhika, mlango uko wazi.” Baba Mdogo akachukua Biblia yake akatoka. Karibu nusu ya waumini wakamfuata, wakaanza kusali kwenye ukumbi wa shule.

Tangu hapo Baba Mdogo akawa anakuja kumwamkia Bibi kwa mlango wa jikoni, Baba akiwa kazini. Fikiria, Shangazi, mtu anaingia nyumba aliyozaliwa kwa kunyata. Akishaondoka, Bibi alikuwa akijifunika khanga usoni, na sisi tunajifanya hatuoni. Na Jumapili mabenchi yalikuwa na mapengo kama mdomo wa kibogoyo.

Basi, mwaka huu Baba akaniagiza majoho mapya ya kwaya. Wiki ile ile mke wa Baba Mdogo akaja kuagiza ya kwao. Niliwaonyesha vitambaa vyote nilivyokuwa navyo, na kila mmoja kwa wakati wake akaweka mkono juu ya jora lile lile la zambarau. Nikafumba mdomo. Kwetu mafundi, siri ya mteja haitoki dukani.

Jumamosi moja kwaya yetu ikaenda hospitali kuwaimbia wagonjwa. Tunaingia wodi ya wazazi kwa mlango huu, kwaya ya Baba Mdogo inaingia kwa mlango ule. Zambarau tupu, kulia na kushoto! Kumbe muuguzi mkuu alizipa kwaya zote mbili ruhusa ya saa ile ile, akidhani ni watu wa kanisa moja. Wao wakaganda ukutani kule, sisi huku, vitanda katikati. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikaanza kukagua vigae vya sakafu.

Mama mmoja aliyekuwa amejifungua asubuhi hiyo akatuuliza, “Jamani, sare moja, mbona mmesimama kama mmegombana?”

Muuguzi akashika kiuno. “Nina watoto wanataka kulala hapa. Imbeni au mtoke.”

Baba Mdogo ndiye aliyeanza. Aliuanzisha ule wimbo wa shukrani ambao Bibi aliwafundisha ninyi watatu jikoni mkiwa wadogo. Aliimba peke yake, na Baba ameinamisha kichwa. Kufika kwenye kiitikio nikaona mkono wa Baba unapanda wenyewe, kama wa mtu anayefukuza nzi, halafu ukaanza kuongoza. Tukaimba sote. Kila ubeti tulisogea kidogo, na ulipofika wa mwisho usingeweza kujua nani ni wa kwaya ipi. Yule mzazi alikuwa akijipiga paja kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kwenye mkono wa pili.

Nje kwenye korido kaka zako wakatazamana.

“Umekonda,” Baba akasema.

“Na wewe umezeeka.”

“Lile neno la disko, mdogo wangu. Nisamehe.”

Baba Mdogo alimkumbatia, wakalia kama watoto waliopoteana sokoni. Muuguzi akatoka kutugombeza, alipowaona akarudi ndani polepole.

Mchungaji alipopata habari, Jumapili iliyofuata alimwachia mzee mmoja ibada, akaenda mwenyewe mpaka ukumbi wa shule. Akakaa nyuma. Alipopewa nafasi akasema, “Niliwaonyesha mlango, ilhali kazi yangu ilikuwa kuwafuata. Nimekuja kuwafuata.” Sikudanganyi, Shangazi, si wote waliorudi. Wengine wamepata makanisa mengine, na wachache bado wana kinyongo. Vikao vilikuwa virefu na vikali. Lakini jana tulisali pamoja, watu walijaa mpaka madirishani, na maamkio tu yalichelewesha ibada. Baba Mdogo aliingia kwa mlango wa mbele, amemshika Bibi mkono. Magitaa yalilia, na nyimbo za zamani nazo zikaimbwa. Usimwambie Baba kwamba nilimwona akigonga mguu.

Ninapoandika haya, wote wawili wako kwenye benchi mbele ya duka langu. Wanabishana wimbo wa Jumapili ijayo uanze kwa sauti ya juu au ya chini. Sasa hivi Baba Mdogo kampiga Baba kwa kofia. Nimemwuliza Mama kama nikawaamue. Kasema, “Waache. Kelele hizi nimezikosa sana.”

Bibi anakusalimu na kukuombea. Mke wa Baba Mdogo anakusalimu, na kaka zako nao, wakipata nafasi ya kupumua. Nisalimie watoto wako, hasa kitindamimba, yule Bwana Maswali. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe usingizi mtamu na majirani wema.

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Binti wa kaka yako,
Fundi