Jina Lake Juu ya Langu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, miaka 43, msimamizi wa kompyuta, idara ya eksirei. Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali.

Mfumo wa kuhifadhi picha za wagonjwa niliuunda mimi, kazi ya miaka kumi na moja. Mnamo tarehe 3 mwezi huu tuliletewa fundi mwingine, tunamwita Mwalimu. Mkuu wa idara akaagiza nimpe uwezo wote nilionao. Nilimfungulia jina lake, ila namba ya utambulisho kwenye kompyuta nikampa ileile yangu, maana ndiyo njia ya mkato. Kompyuta inatambua namba, si jina. Ukiiuliza faili ni la nani, inapitia orodha na kutaja jina la kwanza lenye namba hiyo. La Mwalimu nililiandika juu ya langu, bila kufikiri.

Tarehe 9, saa 4:00 asubuhi, mkuu alichapisha orodha ya programu zote akaibandika ukutani. Kila mstari ulikuwa na jina la Mwalimu, hata zile nilizoandika nikiwa na mimba ya kitinda mimba wangu. Mkuu akawaambia madaktari, "Kumbe tulichelewa kumpata huyu!" Wakapiga makofi. Mwalimu akasema, "Hizi si zangu jamani, ni za dada." Wakacheka, wakamsifu kwa unyenyekevu. Huo unyenyekevu ndio ulioniudhi. Sentensi moja ingetosha kueleza. Sikuisema.

Tarehe 10, saa 3:20 asubuhi, nilifuta folda aliyokuwa akiifanyia kazi. Nilitaka aadhirike kidogo tu. Sikujua kwamba amehamishia humo picha za kichwa za mama aliyesubiri kupasuliwa asubuhi hiyo, na nakala haikuwepo. Walipompiga picha upya ilishafika saa 8:00 mchana. Alipasuliwa kwa kuchelewa. Yuko hai, ila mkono wa kulia hausogei.

Kumbukumbu za mashine zilimtaja Mwalimu. Askari walipomchukua alinigeukia: "Dada, wewe unaijua hii mashine. Waeleze basi." Niliinama nikajifanya natafuta kalamu.

Leo mkuu amenituma hapa kituoni nithibitishe kwamba jina lililomo kwenye kumbukumbu ni la Mwalimu. Ni lake kweli. Lakini aliyefuta ni mimi.

Nimeyasema haya bila kulazimishwa, nimesomewa, na ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi ya shahidi: (ameweka)

Maandishi ya askari: Nimefunga maelezo saa 5:40 asubuhi. Nimempa onyo na kumjulisha kuwa sasa ni mtuhumiwa. Nilipomwambia mwenzake ataachiwa, aliuliza, "Atarudi kazini leo leo?"