Mama Mkwe Anafunua Kikapu Changu cha Nyama

Walikale, Jumanne tarehe 11 Machi 2008

Mama Colette wa kipindi cha redio cha Ijumaa, salamu za heshima. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, na jina langu usilifiche, kwa maana mtaa mzima umeshatusikia. Mimi ni Kaswera, mzaliwa wa Butembo, nimeolewa na Habumugisha, mtu wa milima ya Masisi, na tuna mtoto mmoja, Archange. Mume wangu alikuwa na duka dogo la chumvi na sabuni, watu wenye silaha wakalipora mwaka jana, na tangu hapo kinachotulisha ni kazi ya mikono yangu, yaani mkate wa nyama.

Nikueleze kazi yenyewe, la sivyo hutaelewa kwa nini nimefika hapa. Ng'ombe wanaoletwa huku wametembea kwa miguu kutoka Masisi kupitia msituni, na ng'ombe aliyetembea hivyo nyama yake imekuwa kamba, hasa ile ya muundi ninayonunua mimi kwa kuwa wengine hawaitaki. Nyama ya namna hiyo haitaki moto mkali, inataka joto la pole la muda mrefu, na makala, yaani mkaa, yenyewe ni taabu kuyapata, kwa hiyo natumia kikapu kama nilivyofundishwa na masista nilipokuwa shuleni Butembo, kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya migomba, na blanketi la kukifunika. Alfajiri naikaanga nyama na vitunguu mpaka igeuke rangi, natia nyanya, tangawizi, chumvi na maji ya kuifunika tu, naiacha ichemke kwelikweli, kisha sufuria na kifuniko chake naizika kikapuni ikiwa bado inatokota, nafunga blanketi, nazima moto na kwenda zangu sokoni kuuza mawese. Alasiri nikirudi, kama hakuna aliyeigusa, nyama inachambuka kwa uma bila kubishana, naijaza katika mkate, na supu yake nzito naitia kwenye kikombe, na mteja anachovya mkate wake humo kila anapotaka kuuma. Wateja wangu ni wachunga ng'ombe wanaoshuka kutoka Masisi na watu wa kubeba mizigo, watu waliochoka, nao wanakuja kwa ajili ya kule kuchovya, maana mkate wa hapa bila supu unakwama kooni.

Nimesema kama hakuna aliyeigusa. Sasa nakuja kwa mama mkwe wangu.

Mama Drocella alifika kwetu mwezi wa Desemba, vita vilipopanda mlima wao, akiwa na mkeka na jembe basi, na mimi nilimpokea vizuri, nikampa kitanda cha Archange, majirani ni mashahidi. Siku za kwanza alikuwa anaketi mlangoni na kuwasalimu wapita njia kwa lugha ya kwao, wachunga ng'ombe wakasimama, na ndivyo walivyoujua mkate wangu, sikatai. Kisha siku moja akakiona kikapu.

"Mama Archange, nyama gani hii inalala mu blanketi sawa mugonjwa?"

"Inaiva yenyewe, Mama."

"Bila moto?"

"Bila moto. Lakini usifunue, Mama, ukifunua joto linatoka."

"Nimesikia," akasema, na kweli alisikia, ila hakukubali. Nilipokwenda sokoni alifungua blanketi, akaibonyeza nyama kwa kidole, akaihurumia, akawasha makala yangu, akaiteleka sufuria juu ya moto mkali na kuijaza maji mpaka shingoni. Nilirudi nikakuta maji mekundu na nyama ngumu kama kiatu, naye ameketi pembeni amefurahi sana. "Niliikuta inalala," akaniambia, "nikaiamusha."

Nikavumilia, nikaeleza upya. Akaacha kuiamsha, lakini sasa kukaja vikombe. Watu waliokimbia pamoja naye wamehifadhiwa kwa wenyeji kule nyuma ya kanisa, hawana kitu, nalijua hilo, sina moyo wa jiwe, lakini mmoja akija na kikombe chake asubuhi, Mama Drocella anafunua blanketi, anafungua sufuria, anachota, anafunika, na kabla joto halijarudi anakuja mwingine na mtoto mgongoni, blanketi linafunuliwa tena, na hivyo hivyo mpaka alasiri, wakati mimi niko sokoni nawaahidi watu nyama laini.

"Mama," nilimwambia, "supu hiyo njo biashara yetu."

"Kwetu supu haina mwenyewe," akanijibu. "Nyama njo iko na mwenyewe. Mimi sijagusa nyama yako hata moja. Muntu akifika na kikombe, utamwambia nini?"

"Nitamwambia angoje mpaka alasiri."

"Njaa ya kwenu inangojaka?"

Nilikifunga kikapu kwa kamba, akaifungua, na alipomaliza kuchota akaifunga tena vizuri kuliko mimi. Nikakipeleka kwa jirani yangu Vestine, akaenda kwa Vestine kumsalimia, na salamu ikaishia ndani ya sufuria. Nikamwambia mume wangu aongee na mama yake, akajikuna kichwa, akasema, "Mama ni mama." Nikamuuliza, "Na nyama?" Akasema, "Nyama nayo ni nyama." Mama Colette, huyu ni mtu aliyemaliza sekondari.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipoaibika. Bienvenu, kijana wa kubeba mizigo ambaye hanipiti hata siku moja, aliuma mkate akavuta, akavuta, nyama yote ikatoka kipande kimoja ikabaki inaning'inia mdomoni, mkate mtupu mkononi. Akaitoa, akaitazama, akawaambia wenzake, "Hii ng'ombe ilikuwa mu jeshi. Mupaka sasa inakataa kujisalimisha." Wote wakacheka. Mwingine akauliza, "Na supu iko wapi, Mama mukate? Ao nayo ilikimbia vita?" Supu haikuwepo. Wakaondoka wakanunua mandazi kwa mwanamke wa ng'ambo ya barabara, na tangu siku hiyo wanapita mbele yangu wakiangalia mbingu. Wasiporudi hatuna chakula, ni hivyo tu, hakuna kingine ndani ya nyumba.

Na si kwamba kikapu hakifanyi kazi, kwa sababu siku Mama Drocella alipokwenda kusali na akina mama wa parokia mpaka jioni, nyama ilitoka kama nilivyofundishwa na mikate ikaisha kabla mvua haijaanza.

Basi nimeamua. Jumatatu kuna lori linalokwenda Hombo, na huko yuko mwanawe mwingine, Straton, mfanyabiashara, ana nyumba yenye nafasi, amtunze na yeye. Nilimwambia mume wangu jana. Hakupaza sauti. Alichukua mfuko wake, akaanza kuondoa mashati msumarini na kuyakunja moja moja. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Hombo. Ile njia mama hataipita yeye peke yake."

"Utarudi lini?"

"Mimi sitarudi kwa muntu mwenye alimufukuza mama yangu juu ya kifuniko."

Mashati bado yako mfukoni. Mama Colette, mimi si mtu mbaya, sijamtukana, sijamnyima chakula, ninachotaka ni kifuniko kikae juu ya sufuria mpaka alasiri. Je, ni dhambi? Na kama si dhambi, kwa nini mimi ndiye ninayeachwa?

Kaswera

Mama Colette anajibu:

Kaswera, kutaka sufuria ibaki imefungwa si dhambi. Nalisema kwa sauti ili Mama Drocella, kama yuko karibu na redio, alisikie na yeye: Mama, shikamoo, pole kwa mlima wako. Nyama ya kikapuni hailali. Iko kazini. Kila unapofunua blanketi unaifukuza kazi, na jioni mjukuu wako Archange ndiye anayelipia.

Na wewe Papa Archange, najua unasikiliza, maana wanaume wa Walikale husema kipindi hiki ni cha wanawake na hawakosi hata kimoja. "Mama ni mama, nyama nayo ni nyama" si jibu la mwenye nyumba. Ungeongea na mama yako mwezi wa Desemba, leo usingekuwa unakunja mashati. Kukunja mashati ni rahisi. Kufungua mdomo ndiko kulikokushinda.

Sasa nakugeukia wewe, Kaswera, na hapa sitakubembeleza. Umeandika kwamba wachunga ng'ombe walisimama kwa sababu ya bibi aliyewasalimu mlangoni kwa lugha yao. Ukaweka "sikatai" na kuruka kwenda kwenye kikapu. Mimi nimebaki hapo hapo. Unadhani wanakuja kwa ajili ya kuchovya? Walijuaje kuchovya kabla ya kuketi, na nani aliwaketisha? Mtu ametembea msituni na ng'ombe, kila kizuizi anaitwa "wewe, simama", halafu anafika mahali bibi mmoja anamuuliza habari za baba yake kwa jina. Huyo ataketi. Akiketi atakula. Na huo muundi usiotakiwa na wengine, unaletwa na nani kama si wachunga ng'ombe haohao? Mpakie bibi kwenye lori, nawe utabaki na kikapu kilichofungwa vizuri sana na mkate mkavu, na wa kuuziwa hutamwona.

Halafu hiyo njia ya Hombo. Unaijua ilivyo msimu huu kuliko mimi. Mtu aliyefukuzwa kwake na bunduki hafukuzwi tena na blanketi. Hilo sitalirudia.

Unamwona mharibifu. Mimi namwona mwanamke aliyelisha watu maisha yake yote, na sasa hana ng'ombe, hana shamba, hana hata mafiga. Katika nyumba yenu hakuna moto ulio wake. Watu wa mlima wake wanakuja kwake na vikombe kwa sababu bado wanamhesabu kuwa mtu wa kuwapa. Unataka awaambie nini, kwamba sasa na yeye ni ombaomba? Kamba haitaliweza jambo hilo. Umejionea, anafunga kuliko wewe.

Fanya hivi. Kesho ni siku ya soko. Nenda kwa wachinjaji ukachukue mifupa, magoti na kwato, vile ambavyo wanakaribia kuwatupia mbwa. Weka mafiga matatu mlangoni pale pale anapoketi, tafuta sufuria kuukuu uipachike juu, mifupa, maji na chumvi, kuni atakusaidia yeyote anayekuja na kikombe, maana anayekunywa anaweza pia kuokota kuni. Mwambie mbele ya mumeo, "Mama, moto huu ni wako, sufuria hii ni yako, mwenye kikombe ni mgeni wako." Supu ya mifupa haiogopi kufunuliwa, na ukiiongeza maji haikasiriki. Aiamshe anavyotaka. Na wewe, vikombe usivihesabu. Nimekusoma, una mkono wa kuhesabu.

Kikapu nacho, nashangaa. Wewe mtu mwangalifu, mwenye kupanga mambo yako, ulikitia kamba, ukakipeleka kwa jirani, ukasumbua mtaa mzima, na hukufikiria mahali pamoja ambapo mama wa Masisi hatakanyaga hata nyumba ikiwaka moto. Chumbani kwenu. Mama mkwe haingii mahali anapolala mwanawe na mkewe. Umeolewa huko, heshima hiyo unaijua, na naamini hata siku moja hujamwona amevuka kizingiti hicho. Kiweke kikapu kando ya kitanda, chemsha nyama yako, izike humo, urudishe mlango, uende sokoni na moyo mweupe. Nguo zenu zitanuka kitunguu. Vumilieni. Afadhali shati linalonuka kitunguu kuliko shati lililokunjwa mfukoni.

Wewe Habumugisha, leo, kipindi hiki kikiisha, mwambie mama yako kwa mdomo wako mwenyewe kwamba sufuria ya mlangoni ni yake na ya chumbani ni ya mke wako. Mwambie ukiwa umesimama. Ukimaliza, rudisha mashati msumarini. Jumatatu lori liende na mizigo yake.

Bienvenu na wenzake usiwafuate barabarani kuwaomba. Mwache Mama Drocella awaite. Wakiketi, wape nyama inayochambuka na kikombe kilichojaa, usiseme neno la Jumamosi, watalisema wenyewe na watacheka, na wewe ucheke.

Na itafika siku, Kaswera, wateja watakuwa wengi na supu yako itaisha kabla ya mikate. Siku hiyo usianze kulalamika. Chukua kikombe, nenda mlangoni kwa mama mkwe wako, simama nyuma ya wale waliotangulia. Atakuchotea.